Kukutwa na bakteria hakutoshi kumtia hatiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala ya ukurasa wa afya ya Jumamosi iliyopita, ile iliyodai kwamba kila ugonjwa sugu wa tumbo una bakteria wake, kwamba wanasayansi wameshalithibitisha jambo hilo, na kwamba anayeumwa akapime damu, akikutwa naye ameze antibayotiki, basi. Nusu ya makala ile ni kweli na imeandikwa vizuri. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonikosesha raha. Nimefanya kazi ya maabara tangu usichana wangu hadi kustaafu, hapa Muheza na Tanga mjini, na najua watu wetu wanavyosoma: makala inatoka asubuhi, jioni mtu yuko duka la dawa anaulizia zile za bakteria.

Mwandishi amewataja kwa sentensi moja tu madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori. Sentensi moja haiwatoshi. Angekieleza kisa chao chote, wasomaji wangeona ilivyo kazi kumtia bakteria hatiani, na yeye mwenyewe asingethubutu kusema kila ugonjwa una wake.

Warren alikuwa daktari wa patholojia katika hospitali ya Royal Perth. Kutwa yuko na hadubini, anatazama vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa. Mwezi Juni 1979 aliona kwenye kinyama cha tumbo vitu vyembamba vilivyopinda, vimelala juu ya ukuta uliovimba. Enzi hizo tulifundishwa sote kwamba tumboni hakukaliki, asidi inaua kila bakteria. Mwenzake alipotazama akasema haoni kitu. Warren hakubishana naye, akaenda kukipaka kinyama kile rangi ya madini ya fedha, inaitwa Warthin-Starry, na wale bakteria wakajitokeza weusi ti. Sisi tuliozeeka na Giemsa, rangi ya kupaka slaidi za malaria, tunaijua raha ya rangi iliyokubali. Kuanzia hapo akawa anawatafuta kwenye kila kinyama kilichopita mezani kwake, akaona jambo linajirudia: palipo na bakteria wale pana uvimbe, na ukuta ukiwa mzima mara nyingi hawapo.

Mwandishi wetu angeishia hapo na kutangaza ushindi. Warren hakuishia hapo, na sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya benchi la maabara. Vitu viwili kuonekana pamoja hakusemi kipi kimekileta kipi. Huenda bakteria ndiye aliyeuvimbisha ukuta wa tumbo. Huenda pia ukuta uliharibika kwa sababu nyingine kabisa, na bakteria akaja baadaye kujipatia makao. Wahenga walisema nzi kufia kidondani si haramu, lakini hawakusema nzi ndiye aliyeukata mguu.

Mwaka 1981 akaja Marshall, kijana aliyekuwa bado mafunzoni, akitafuta utafiti wa kufanya. Mwaka uliofuata wakachukua wagonjwa 100 waliofika kupigwa kamera ya tumbo, mmoja baada ya mwingine bila kuchagua, wakakata kinyama kwa kila mmoja. Hapo kwenye kutochagua ningependa mwandishi wetu apatie mstari. Ukichukua wenye vidonda peke yao utawakuta na bakteria, ndiyo, lakini hutajua wasio na vidonda nao wanao wangapi.

Kuwaotesha, yaani kuwakuza kwenye sahani za maabara zenye chakula chao, ndiko kulikowashinda. Sahani za kwanza hazikuota chochote. Maabara ilikuwa inazifuata taratibu za vipimo vya kawaida, kwamba sahani isiyoonyesha kitu baada ya siku mbili inatupwa. Halafu ikafika Pasaka ya 1982, watu wakaenda sikukuu, sahani zikabaki ndani ya inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, siku tano, na waliporudi wakakuta vimelea vimeota. Kumbe bakteria huyu anakua polepole! Nilicheka sana nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza, maana kila maabara ninayoijua ina hadithi yake ya sikukuu, ila za kwetu huwa haziishii kwenye Nobel.

Matokeo yalipotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1984, wagonjwa 58 kati ya 100 walikutwa na bakteria waliopinda, na kati ya hao walifanikiwa kuwaotesha kwa 11. Karibu kila mwenye kidonda au uvimbe mkali wa ukuta wa tumbo alikuwa nao. Na bado, baada ya kazi yote hiyo, waliandika kwa adabu kwamba huenda bakteria hawa wanachangia ugonjwa. Neno lao lilikuwa huenda. Linganisha na makala yetu ya Jumamosi.

Kwa nini huenda? Kwa sababu kuna kanuni, na kanuni hizo zimebeba jina la mtu ambaye nchi hii iliwahi kumwona kwa macho. Robert Koch, Mjerumani aliyetangaza bakteria wa kifua kikuu mwezi Machi 1882, alifika pwani hii enzi za utawala wa Wajerumani, akarudi mwaka 1905 kuichunguza homa ya papasi. Wakazi wa nyumba za udongo walikuwa wanajua tangu zamani kwamba anayelala penye papasi ataugua. Koch akawaonyesha vimelea vyenyewe, vimejiviringa, ndani ya papasi na hata ndani ya mayai yao. Miezi ile ile, upande wa Congo, Joseph Dutton na John Todd kutoka Liverpool walikuwa wanafuatilia jambo hilo hilo. Dutton aliugua homa hiyo akafia Kasongo.

Kanuni za Koch, kwa ufupi, zinataka bakteria akutwe kwa mgonjwa, aoteshwe peke yake nje ya mwili, akiingizwa kwa mzima amletee ugonjwa ule ule, kisha akutwe tena ndani ya huyo aliyeambukizwa. Koch mwenyewe alilazimika kulegeza moja, kwani alikuta watu wenye bakteria wa kipindupindu ambao hawaumwi hata kidogo. Hilo nitalirudia.

Marshall alikwama kwenye kumwingiza kwa mzima. Alijaribu kwa nguruwe wachanga, haikufaulu. Kwa hiyo mwaka 1984 akajitumia mwenyewe. Watu wengi hupenda sehemu ya kunywa bakteria na kuiruka iliyotangulia: kwanza alipigwa kamera, akakatwa kinyama, ikathibitika kwamba hana bakteria na ukuta wake wa tumbo ni mzima. Bila hapo, kikombe alichokunywa kingekuwa maonyesho ya sokoni. Ndipo akanywa mchuzi wa bakteria walioteshwa kutoka kwa mgonjwa. Mkewe hakuwa na habari. Baada ya siku chache akaanza kichefuchefu, kutapika alfajiri, na mdomo kunuka hata wa nyumbani wakamwambia. Siku ya kumi hivi akapigwa kamera tena: ukuta umevimba, bakteria wamejaa, na walipooteshwa wakaota. Mkewe alipojua akamtaka anywe dawa mara moja, na ningekuwa mimi ningesema maneno mengi zaidi ya hayo.

Hata hapo mambo hayakuwa yamekwisha. Marshall alipata uvimbe, hakupata kidonda. Tena aliumwa kwa wiki mbili tu, wakati ugonjwa anaoutafutia chanzo hukaa na mtu miaka. Ndiyo maana namheshimu sana daktari mwingine ambaye hakuna anayemtaja, Arthur Morris wa New Zealand, aliyekunywa bakteria hao baadaye. Kwake hawakuondoka, wakakaa miaka, na ukuta wa tumbo ukabaki umevimba mpaka walipofukuzwa kwa dawa. Hapo ndipo usugu ulipoonekana.

Jambo lililowanyamazisha wabishi, kwa maoni yangu, ni matibabu. Miaka ile wagonjwa wa vidonda walipewa dawa za kupunguza asidi, kidonda kinafunga, wakiacha dawa kinarudi. Watafiti wa Vienna walichapisha mwaka 1993 jaribio ambalo wagonjwa wote walipewa dawa ya asidi, lakini kundi moja likaongezewa antibayotiki na jingine likapewa vidonge visivyo na kitu, bila mgonjwa kujua yuko wapi. Baada ya mwaka, vidonda vilikuwa vimerudi kwa asilimia 8 ya waliopewa antibayotiki, na kwa asilimia 86 ya wenzao. Mtu akiona namba mbili kama hizo zimekaa pamoja, anaweza kuondoa neno huenda. Mwaka 1994 jopo la wataalamu wa Marekani likapendekeza wenye vidonda wanaokutwa na bakteria wapewe antibayotiki, na mwaka huo huo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likamweka H. pylori kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Kutoka hadubini ya Warren hadi hapo ni miaka 15.

Sasa nije kwetu. Makala inasema ukapime damu.

Kipimo cha damu kinachofanywa mitaani, kile cha kikaseti chenye mistari miwili, hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwahi kuwaandaa dhidi yake. Bakteria akiondoka, askari hubaki kwenye damu miezi mingi, wakati mwingine miaka. Kwa hiyo mtu aliyepona kabisa atapimwa, mstari wa pili utatokea, ataambiwa unaye. Tena katika nchi nyingi za Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wamewahi kuambukizwa, wengi tangu utotoni, na walio wengi hawatapata kidonda maishani. Simama na kikaseti kwenye stendi yoyote ya mabasi, utawakuta wenye mistari miwili wengi tu, na wanakula pilipili bila shida. Ni kama wale wa kipindupindu wa Koch.

Wifi yangu wa Korogwe ni fundi cherehani. Alikuwa na mfuko wa nailoni umejaa vikaratasi vya maabara tofauti tofauti, vyote vimeandikwa chanya, na kila kikaratasi kilikuja na dozi yake. Alikuwa anameza, anapata nafuu kidogo, maumivu yanarudi, anapima tena, chanya tena. Siku moja ananiambia, "Wifi, mimi bakteria wangu hawa ni wa ukoo. Nikiwafukuza wanarudi na wageni." Nilimwambia aache kupima damu, aende hospitali kubwa akapigwe kamera. Akapewa masharti ambayo hakuna aliyewahi kumpa mitaani: omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, aiache wiki mbili kabla, na antibayotiki ziwe zimepita wiki nne, la sivyo bakteria hujificha na kipimo kikadanganya.

Daktari aliyempokea, kabla ya kugusa mashine, alimuuliza, "Mama, hayo magoti unayatuliza na nini?" Alikuwa amemwona anavyokaa kitini. Wifi akafungua pochi akatoa diklofenaki, dawa ya maumivu, vipande vya karatasi vilivyokatwa dukani, nyingine bado zimefungwa kwenye gazeti. Anaendesha cherehani ya miguu, goti linauma, anameza asubuhi na jioni, mara nyingi kabla ya chai. Hakuna maabara hata moja iliyomuuliza swali hilo, wala lile duka lililomuuzia dawa za kuua bakteria, ambalo ndilo hilo hilo lililomuuzia diklofenaki.

Kamera ilikuta kidonda kweli. Wakakata vinyama, na kimoja wakakitia kwenye kipimo ambacho nimekipenda tangu nilipokifahamu. Ni kisahani kidogo chenye jeli ya manjano iliyotiwa kemikali iitwayo yurea. H. pylori huishi kwenye asidi kwa sababu ana kimeng'enya kinachovunja yurea na kutoa amonia, na amonia hiyo humzunguka ikipoza asidi. Ukidondosha kinyama chenye bakteria kwenye jeli, amonia inaanza kutoka na manjano inageuka kuwa waridi, kwanza ukingoni mwa kinyama, halafu inatambaa hadi jeli yote. Wakati mwingine unaiona ikigeuka hata hujamaliza kuandika jina la mgonjwa. Ya wifi ilibaki manjano hadi kesho yake. Vinyama vingine vilipelekwa patholojia, nako hawakuona bakteria. Diklofenaki ikasimamishwa, akapewa dawa ya asidi kwa wiki kadhaa na namna nyingine ya kutunza magoti, na maumivu ya tumbo yakaisha. Dawa za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza kemikali ambazo tumbo huzitumia kujilinda na asidi yake lenyewe. Zinachimba kidonda bila msaada wa bakteria.

Simaanishi bakteria ni hadithi. Mwenye kidonda akikutwa na H. pylori kwa kipimo kinachoaminika, kile cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe, au cha pumzi, au cha kinyama, anatakiwa apewe dawa yake kamili, antibayotiki mbili au zaidi pamoja na ya kupunguza asidi, mara nyingi siku 14, na azimalize hata tumbo likitulia siku ya nne. Kisha baada ya wiki nne au zaidi apimwe choo tena kuona kama wameondoka. Anayetapika damu, au choo chake ni cheusi kama lami, au anakonda bila sababu, asiende dukani wala maabara ya mtaani, aende hospitali siku hiyo hiyo. Ninachokataa ni kumpa dozi kila mwenye mistari miwili. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 lilimweka H. pylori asiyesikia antibayotiki iitwayo klarithromaisini kwenye orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Usugu huo unalimwa na dozi kama zile za kwenye mfuko wa wifi yangu.

Sasa lile dai kubwa la makala, kwamba kila ugonjwa sugu wa tumbo una bakteria. Nataka nimpe mwandishi mfano mmoja unaofanana sana na wa Perth mwanzoni, halafu uone ulikoishia.

Kuna ugonjwa unaitwa Crohn. Utumbo unavimba, mara nyingi pale mwembamba unapokutana na mpana, unachimbika vidonda, mtu anaharisha, anakonda, wakati mwingine utumbo unatoboka na kufungua njia hadi kwenye ngozi. Hukaa na mtu maisha yake yote, ukipoa na kurudi. Jina umelipata kwa Burrill Crohn wa New York, ambaye pamoja na wenzake wawili waliueleza mwaka 1932. Lakini mwaka 1913 daktari mpasuaji wa Glasgow, Thomas Dalziel, alikuwa ameshawaeleza wagonjwa wa namna hiyo, na akasema utumbo wao unamkumbusha ugonjwa wa ng'ombe. Wafugaji wanaosoma gazeti hili huenda wamewahi kuona ng'ombe wa aina hiyo: anakula vizuri, anaharisha bila kukoma, anakonda mpaka mbavu zinahesabika. Ng'ombe huyo ana bakteria ndani ya utumbo, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, aliyejulikana tangu 1895.

Unaona jinsi inavyovutia? Uvimbe unafanana, ng'ombe ameshapatikana na bakteria wake, kilichobaki ni kumkamata kwa binadamu. Mwaka 1984, mwaka ule ule Marshall anakunywa kikombe chake, Rodrick Chiodini na wenzake wa Marekani wakatangaza kwamba wamemwotesha bakteria wa ng'ombe kutoka kwenye utumbo wa wagonjwa wachache wa Crohn. Huyu naye huota polepole mno, kwa miezi. Watafiti wengine wakatafuta, wakamkuta kwa baadhi ya wagonjwa, kwa wengine wasimkute, na wakamkuta pia kwa watu wasio na Crohn. Kanuni ya kwanza tu ya Koch ikaanza kuchechemea.

Basi wakafanya kama Vienna, wakaenda kwenye matibabu. Australia hiyo hiyo, wagonjwa 213 wa Crohn, nusu wakapewa antibayotiki tatu zinazomlenga bakteria huyo kwa muda wa hadi miaka miwili, nusu vidonge vitupu, na wote mwanzoni wakapewa dawa za kutuliza uvimbe. Matokeo yalitoka 2007. Wiki ya 16, waliopata nafuu kwenye kundi la antibayotiki walikuwa asilimia 66, na kwenye kundi jingine 50. Ningekuwa mwandishi mwenye haraka ningechapisha siku hiyo. Lakini walipowafuatilia hadi mwisho, tofauti haikudumu. Antibayotiki hazikuzuia ugonjwa kurudi. Linganisha na 8 kwa 86. Nafuu ya mwanzo yawezekana ilitokana na antibayotiki kupunguza bakteria wengine wa utumboni, kwa kuwa huko wamejaa tele. Wapo watafiti ambao hadi leo hawajakata tamaa na bakteria wa ng'ombe, na sina ugomvi nao, waendelee. Ila mtu akiandika kwamba imeshathibitishwa, amedanganya.

Na huku kwetu suala hili linauma kwa namna yake. Kifua kikuu cha utumbo kinafanana mno na Crohn, kwenye kamera na hata kwenye hadubini. Mwenye kifua kikuu cha utumbo akidhaniwa ana Crohn atapewa dawa za kushusha kinga ya mwili, na kifua kikuu kitasambaa kikishangilia. Mwenye Crohn akidhaniwa ana kifua kikuu atameza vidonge miezi sita huku utumbo unaendelea kuharibika. Nimeona madaktari wazuri wakikuna vichwa juu ya vinyama vya namna hiyo, wakiomba tuoteshe tena, tutafute tena. Hao ndio waliopaswa kuhojiwa na mwandishi.

Kuna hata mahali ambapo bakteria ndiye chanzo na ukimtafuta kwenye kidonda humkuti. Mtoto anaumwa koo kwa sababu ya bakteria aitwaye streptokokasi, koo linapona, wiki chache baadaye askari ambao mwili uliwaandaa dhidi yake wanageukia moyo wa mtoto na kuzivimbisha valvu zake, yaani milango ya moyo. Ukiiotesha valvu hiyo haioti kitu. Wazazi wa watoto wanaochomwa penisilini kila baada ya wiki tatu au nne wanaijua safari hiyo. Sindano ile ni ya kuzuia koo lisiambukizwe tena, maana kila ambukizo jipya linaongeza uharibifu. Nimeutaja ugonjwa huu ingawa si wa tumbo ili ionekane kwamba kumkuta bakteria kunaweza kudanganya, na kutomkuta nako kunaweza kudanganya.

Ndugu Mhariri, barua imekuwa ndefu, punguza unapoona panafaa ila tafadhali usiguse maelezo ya kipimo cha damu. Namwomba mwandishi wako arudi Jumamosi ijayo aseme wazi kwamba kile kikaseti hakimwonyeshi mtu kama ana bakteria leo, wala kama amepona, na kwamba mwenye kuumwa tumbo aulizwe kwanza dawa za maumivu anazomeza.

La mwisho ni tangazo lililochapishwa chini ya makala ile ile, la dawa ya mitishamba inayomaliza bakteria wa tumbo na magonjwa yote ya uvimbe kwa siku tatu. Naelewa matangazo yanalipa mishahara, na siwadharau waganga wetu. Iko mizizi iliyosaidia watu kabla hospitali hazijajengwa. Lakini kwa kuwa mwenye tangazo ametumia neno kuthibitishwa, nina haki ya kumuuliza kama wa Vienna walivyoulizwa. Aliwapa dawa yake wagonjwa wangapi? Wangapi walipewa kisicho na kitu bila kujua? Waliopona, nani aliwapima choo baada ya wiki nne, na nani aliwatazama tena baada ya mwaka? Majibu yake nitayasoma kwenye ukurasa huu huu wa barua, ambao haulipiwi.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Muheza, Tanga